Mtoto wa Mbwa Aliyetoka Tengani

Paukwa!

Pakawa!

Siwasikii wa nyuma. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Wewe mwenye karanga, tafuna taratibu. Na wakubwa sogeeni, maana hii ni ya watoto na ni yenu pia.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao na soko lao, alikuwepo Mama Mbuzi, jina lake Mashavu. Mume wake alikuwa Beberu, jina lake Ndevu. Ndevu alikuwa nazo, na alizipenda. Watoto wao walikuwa watatu. Wawili ni pacha, watundu, hawakai. Wa mwisho ni binti, Kidoti, mdogo hata kwenye kinu hafiki.

Nyumba yao ilikuwa kando ya kichaka. Na katika kichaka kile Fisi alianza kupita. Anapita mchana kweupe, anacheka, anakwenda zake. Kesho anapita tena. Karibu zaidi.

Mama Mbuzi akasema, "Baba Pacha, tutafute mbwa wa kukaa na watoto."

"Mbwa?" Beberu akasema. "Jambo dogo hilo! Leo si siku ya soko? Tunakwenda, tunachukua, tunarudi."

Wakaenda.

Kabla hawajafika sokoni, njiani, wakamkuta Mbweha amekaa. Mbele yake matenga, yamefunikwa majani ya mgomba.

"Karibu bwana mkubwa! Karibu mama! Mbwa ninao! Weusi ninao, weupe ninao, wa madoa ninao!"

Akafunua tenga moja. Ndani mtoto wa mbwa, mweupe kama tui, kafungwa utepe mwekundu shingoni.

Beberu moyo ukamyeyuka. "Huyu! Mama Pacha, ni huyu!"

Mama Mbuzi akainama, akamtazama vizuri. "Mama yake yuko wapi?"

"Amesafiri," akasema Mbweha.

"Na baba yake?"

"Amemsindikiza."

"Mbona anatetemeka?"

"Baridi, mama."

Jamani, jua la siku ile! Mijusi yenyewe ilikuwa inatafuta kivuli.

Mama Mbuzi alitaka kuuliza zaidi. Mbweha akamwahi. "Ng'ombe kapita hapa, kamtaka huyu huyu. Kaenda kumwita mumewe tu. Mkiondoka, hammkuti."

Beberu aliposikia "hammkuti," hakungoja. Akatua gunia la mahindi kuwa malipo, akabeba tenga. Na Mama Mbuzi, kwa kutotaka ugomvi njiani, akanyamaza.

Nyumbani mtoto wa mbwa hakula. Alijibanza nyuma ya mtungi, akalia. Ng'ii! Ng'ii! Pacha wakafurahi mno. Huyu anamvuta mkia, yule anambeba kichwa chini miguu juu. Beberu akacheka. "Wanazoeana!"

Asubuhi moja Kidoti akampelekea uji. Mtoto wa mbwa akaweka ulimi, akaanza kunywa. Kidoti akaona raha. Akainamisha kichwa karibu, akanyoosha mguu amguse.

Nga!

Semeni nanyi. Nga!

Sikio la Kidoti likatoka damu. "Mee! Mee! Mama!"

Beberu akaja kama upepo. Akamkamata mtoto wa mbwa shingoni. "Huyu anakwenda mtoni sasa hivi, na jiwe juu yake!"

Jirani yao Kanga akachungulia juu ya ua. "Mtupe, jirani! Leo sikio, kesho shingo!"

Pacha wakalia. Kidoti akalia. Mtoto wa mbwa akaning'inia pale, macho yamemtoka, hata kulia hawezi.

Mama Mbuzi alikuwa anamfunga mwanawe kitambaa. Akamaliza fundo. Akasimama.

"Baba Pacha, mshushe."

"Kamng'ata mwanangu!"

"Na ni mwanangu pia. Mshushe."

Beberu akamshusha. Mama Mbuzi akasema, "Tulimleta huyu nyumbani bila kujua katoka wapi. Mimi niliuliza, nikajibiwa uongo, nikakubali. Sasa nakwenda kujua. Nikirudi bila jibu, mto upo pale pale."

Akamtia tengani, akajitwika. Akapanda kilima, akashuka kilima, mpaka kijiji cha mbwa.

Nyumba ya kwanza: "Hodi! Huyu ni wenu?"

"Si wetu."

Nyumba ya pili: "Hodi! Huyu ni wenu?"

"Si wetu."

Nyumba ya tatu hakuwahi kubisha. Mbwa jike aliyelala barazani aliinua pua. Fu, fu, fu! Akaruka. Na mle tengani, mkia ambao haukuwahi kutikisika ukaanza kutikisika.

"Mwanangu!"

Alikuwa Bi Mwatime. Alimlamba mwanawe kichwa, akamlamba tumbo, akautafuna ule utepe mwekundu mpaka ukakatika. Kisha akaeleza. Mbweha alikuja akamkuta amelala. Akamnyakua mtoto, macho ndiyo kwanza yamefunguka, maziwa bado mdomoni.

Mama Mbuzi hakumficha. "Mwenzangu, kamng'ata binti yangu. Damu ilitoka."

Bi Mwatime akainamisha kichwa. "Pole sana, mwenzangu. Pole kwa mtoto. Njoo uone kitu."

Akamwonyesha ndugu za yule mtoto. Walikuwa uani wanabiringishana, wanang'atana. Mmoja akazidisha. Mwenzake akapiga kelele, kwi! Akaondoka, akampa mgongo. Yule aliyezidisha akabaki peke yake. Akatazama huku, akatazama kule. Akamfuata mwenzake, akaanza tena, safari hii polepole.

"Wanajifunza hivyo," akasema Bi Mwatime. "Wangu alichukuliwa kabla hajajifunza. Akatupwa kwa wageni. Huko alifanyiwa nini?"

Mama Mbuzi akakumbuka mkia, akakumbuka kichwa chini miguu juu. Aibu ikamshika. "Niambie la kufanya."

"Niachie anyonye, akue na wenzake. Nawe lete watoto wako wamwone hapa, mbele yangu. Nao wana la kujifunza. Na baba yao aje."

Wakakubaliana.

Lakini siku ya soko iliyofuata, ndugu zangu, Mbweha aliona vumbi. Akadhani wateja. "Karibu mama, karibu..." Walikuwa mama mbwa wa kijiji kizima, wote walioibiwa watoto! Mbele yao Mama Mbuzi na Beberu. Majani ya mgomba yakaruka, huyu akamwona mwanawe, yule akamwona mwanawe. Wanyama waliokuwa wakienda sokoni wakasimama, wakaona kila kitu. Mbweha akasema, "Jamani, tuelewane." Hawakuelewana. Akakimbia, puruu! Soko lile hakulikanyaga tena.

Watoto wa Mama Mbuzi wakaanza kwenda kwa Bi Mwatime. Akawafundisha. Anakula, usimguse. Amelala, usimwamshe. Unamtaka? Mwite, aje mwenyewe. Haya, semeni wote: anakula, usimguse! Amelala, usimwamshe! Unamtaka? Mwite!

Pacha walishika upesi. Kidoti alikaa nyuma ya miguu ya mama yake, na hakuna aliyemsukuma. Mtoto wa mbwa alikuja, akasimama mbali, akalala chini. Siku nyingine akalala karibu kidogo. Siku nyingine tena Kidoti akamwita kwa sauti ndogo, naye akaja, akanusa kwato zake, akapiga chafya. Kidoti akacheka.

Ndipo ikawa hivi. Siku moja pacha walikuwa wanafukuzana, Kidoti naye nyuma yao, mbio. Hakutazama chini. Kwato yake ikatua juu ya mguu wa mtoto wa mbwa. Ka!

"Kwii!" Akageuka, akafunua kinywa, akaudaka mguu wa Kidoti kwa meno.



Beberu akashusha pembe. Mama Mbuzi akasema, "Ngoja. Baba Pacha, ngoja."

Meno yaligusa ngozi. Hayakuingia. Kinywa kikafunguka polepole, ulimi ukatoka, ukaulamba ule mguu.

"Pole," Kidoti akamwambia. "Nimekukanyaga."

Bi Mwatime akashusha pumzi. "Sasa mchukueni. Ila mwanzoni mtu mzima awe karibu. Huyu ni mbwa, na hawa ni watoto."

Wakaenda naye nyumbani, anatembea kwa miguu yake. Wakamwita Tulia. Fisi alipopita na kicheko chake, Tulia akasimama mbele ya mlango. Hau! Hau! Hau! Sauti kubwa kuliko mwili. Fisi akatafuta njia nyingine, ng'ambo ya mto.

Na Beberu? Adhuhuri moja alirudi kutoka shambani, jasho linamtoka, anataka kujinyoosha kwenye mkeka wake. Akamkuta Tulia kalala hapo, watoto watatu wamejirundika kando yake, na mama yao karibu anachambua mchicha. Kanga akaja, akafungua kinywa apige hodi.

"Shh!" Beberu akamwambia. "Wamelala."

Akachukua gunia, akalitandika nje, akakaa juani na ndevu zake.

Basi, ninyi mnaotaka mbwa wa kukaa na watoto, msianze na rangi yake. Nendeni alikozaliwa. Mwoneni mama yake. Mwacheni akue, muwapeleke watoto wenu wamzoee, naye awazoee. Na muuzaji anayewaharakisha mchukue leo leo, mwacheni na matenga yake.

Hadithi yangu imefika mlangoni, imevua viatu, imeketi.