Sauti Tatu, Mateka Mmoja

Mwenye kikohozi akohoe sasa, na mwenye usingizi aende zake akalale. Mwishoni nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie eti hakusikia vizuri.

Katika mji wa Mlola, kwenye nchi ya milimani ya Wasonde, waliishi watu watatu waliojua kusema na wageni, kila mmoja na wageni wake. Mashavu alikuwa muuza vyungu, mwanamke mwenye ulimi wa kuchokoza, na ukoo wake ulikuwa na utani na Wahembe, majirani wa bondeni. Utani mnaujua: watu hutukanana bila kugombana, hunyang'anyana vitu mchana kweupe, na mmoja akifa, mtani wake ndiye huja kuchimba kaburi. Kirumbi alikuwa kinyozi. Kabla ya vita aliishi Gota, nchi jirani, akanyoa vichwa vya askari wa huko kwa miaka mingi, na mtu akishainamisha kichwa mbele ya kinyozi husema hata asiyomwambia mkewe. Tumsifu yeye alisoma ng'ambo, akajua watu wa huko huguswa na nini na huchoshwa na nini.

Kisha Gota ikaizingira Mlola. Barabara zikafungwa, unga ukaanza kupimwa kwa vikombe. Ndaro, mume wa Mashavu, alikamatwa akienda kwa Wahembe kuuombea mji chakula. Shemu, mwana pekee wa Kirumbi, alikamatwa akiwa amebeba majeruhi. Wande, mdogo wake Tumsifu, aliyekuwa mwalimu, alikamatwa shule yake ilipotekwa. Wote wakatupwa katika gereza moja la Gota.

Waziri wa Habari, Bwana Lugome, akawaita watatu hao ofisini.

"Wanaojua kusema ni wengi," akawaambia. "Nimewachagua ninyi kwa sababu najua hamtachoka."

Mwenyewe alikuwa na hotuba tayari, itafsiriwe ipelekwe kwa mataifa yote: sisi ni mashujaa, adui ni mnyama, ushindi ni wetu. Aliisoma kwa madaha mpaka mwisho. Tumsifu akamwambia kwa adabu kwamba hotuba ile ilikuwa ya kuwafurahisha Wasonde wenyewe, na Wasonde hawakuhitaji kushawishiwa. Waziri alikunja uso, maana alikuwa mtu wa kupenda hotuba zake, lakini akawapa kituo cha redio.

Watatu wakajiwekea sharti: neno lisiende hewani kabla wenzako wawili hawajalisikia. Sharti lenyewe lilizua ugomvi mapema. Kirumbi alitaka kuwatangazia askari wa Gota kwamba Mlola ina akiba ya chakula hata ya mwakani, wakate tamaa.

"Wahembe nao wana redio," Mashavu akamkatiza. "Mimi nilie njaa huku, wewe ushibe kule, nani ataniamini?"

Kirumbi alinuna, lakini maneno yale akayafuta.

Basi Mashavu akaanza na Wahembe. Wajumbe wa serikali walikuwa wamekwisha kuwabembeleza kwa heshima zote na kurudi mikono mitupu. Yeye hakubembeleza. Aliwaita walafi, wanaokula huku wamefunga mlango kwa matako, akamtaja na chifu wao kwa tumbo lake. Waziri Lugome, ambaye kwao hawana utani na mtu, alidhani mwanamke kaharibu kila kitu, akanyoosha mkono auzime mtambo. Tumsifu akaushika mkono ule. Ndipo Mashavu akasema, "Mimi mtani wenu nakufa njaa. Haya, nikishakufa, ninyi mtazikwa na nani?" Wahembe walicheka hadi machozi, na walipomaliza kucheka wakaona haya. Wakapakia unga na maharage, wakaingia barabarani, na wakaionya Gota kwamba atakayegusa mzigo wa watani wao amewagusa wao.

Kirumbi akasema na askari wa Gota. Waziri alitaka watishwe kwa kifo. Kirumbi akakataa kabisa, kwa sababu vichwa vile alivinyoa yeye, na alijua hawaogopi kufa. Wao ni wakulima waliovishwa magwanda. Kwa hiyo kila asubuhi alitaja jina lake, maana sauti isiyo na jina haiaminiki, kisha akasema mambo madogo ya kweli: mvua imenyesha kusini mwa Gota, mahindi yamefika magotini, magugu nayo yameanza. "Wewe uko huku mlimani," akawauliza. "Kwako anapalilia nani?" Askari wakaanza kutoroka, kwanza mmojammoja, baadaye kikosi na mkubwa wao. Lakini wakubwa wa Gota nao walilisikia jina lile, wakajua ndiye baba yake Shemu, na habari zikaja kwamba Shemu amehamishiwa chumba cha giza. Kirumbi alilia mbele ya wenzake bila kuficha uso. Kesho yake asubuhi alikuwa mbele ya kipaza sauti, akataja jina lake.

Tumsifu akasema na watu wa ng'ambo, kwa sababu serikali yao ndiyo iliyoiuzia Gota mafuta ya magari ya vita. Waziri alitaka zipelekwe picha za maiti. Tumsifu akasema picha hizo wamezizoea, huzifunika na kuendelea na chai. Yeye alikuwa na kanda ambayo Wande aliirekodi darasani kabla ya kukamatwa. Ndani yake Wande anafundisha hesabu, bomu linalia, ananyamaza, anangoja, kisha anasema, "Tuendelee. Nani ana jibu?" Tumsifu aliichagua kwa shida, maana kila alipoisikia sauti ile alitamani kuikumbatia. Watu wa ng'ambo waliisikia majumbani mwao wakati wanao wakifanya hesabu zao. Wakaikalia serikali yao kooni mpaka mafuta yakakatwa.

Hapo jemadari wa Gota akaomba kusitisha vita. Siku ya kutia saini alisema wazi, "Mji ungepata chakula tu, bado ningeuzingira. Askari wangetoroka tu, ningeleta wengine kwa magari. Mafuta yangekatika tu, ningengoja njaa inifanyie kazi. Nilishindwa kwa sababu yalikuja yote kwa pamoja."

Kama ishara ya nia njema, akakubali kumrudisha mateka mmoja. Wengine wangengoja mazungumzo ya amani, na hakuna aliyejua yataisha lini, wala kama mtu wa gereza lile angeyafikia mwisho wake akiwa hai.

Waziri Lugome alikataa kuchagua. Alisema akichagua yeye, wawili watamchukia na mmoja hatamshukuru. Akawapeleka watatu darajani, mahali pa kukabidhiwa mateka, wakaamue wenyewe.

Mashavu akasema, "Chakula mlichokula hadi leo nimewaletea mimi. Na njia ile Ndaro aliianza kabla yangu."

Kirumbi akasema, "Ninyi mlitoa maneno. Mimi kila nilipofungua mdomo, mwanangu alilipa."

Tumsifu akasema, "Mimi nilichagua tu. Sauti iliyokata mafuta ni ya Wande mwenyewe, na yeye yumo mle ndani."

Hakuna aliyemtukana mwenzake, na hakuna aliyerudi nyuma hata hatua moja. Kura wamezikataa, kwa sababu hawataki mtu wao abaki gerezani kwa bahati mbaya. Ofisa wa Gota amesimama upande wa pili wa daraja, injini ya gari inanguruma, anataka jina moja tu.

Haya, wewe uliyekwisha kukohoa, ungemwambia jina la nani? Na ukishalitaja, usiondoke. Geuka uwatazame wale wawili usoni, uwaambie kwa nini.