Ndoa Iliyofungwa kwa Kusimama

Paukwa!

— Pakawa!

Mwenye haya azibe masikio, maana leo tunashuka chini ya kiuno.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, palikuwa na mzee akiitwa Mwinyihaji. Kijiji kizima kilimwendea kwa ushauri. Ukificha ugonjwa, alikufokea: "Aibu ya nini? Mwili wako huo, hukuuiba!"

Kumbe yeye mwenyewe ana busha. Busha, jamani, la kujaza kikapu! Akajifunga shuka mbili, akawa anatembea miguu kando, akitagaa, tagaa, tagaa. Akiulizwa, anajibu, "Goti tu hili."

Ikafika siku ya kumwoza bintiye, Mwanakheri. Desturi yao ilikuwa hii: baba wa bibi harusi akikaa mkekani, amekubali. Akibaki amesimama, amekataa, na wageni warudi kwao.

Mkeka ukatandikwa. Mwinyihaji akainama kidogo. Akainama tena. Wapi! Mkeka uko chini, na busha halikunjiki. Akabaki amesimama, jasho linamtiririka.

"Mbona hukai?" akauliza Mzee Sudi, babake bwana harusi, naye kasimama wima mlangoni. "Mwanangu ana kasoro gani?"

Wageni wakaanza kuvaa makubadhi. Ndani, Mwanakheri akalia, kwi, kwi, kwi. Kilio kile kilimkata maini babake. Akajisemea, "We mzee mpumbavu, mwanao akose mume kwa ajili ya hili?"

Akapaza sauti: "Jamani, sijakataa! Nina busha! Mimi, mshauri wenu, bingwa wa kuwafokea wenzangu! Nikikaa hapo, bwana harusi atakosa pa kukaa!"

Watu wakaangua kicheko, kwa, kwa, kwa! Mwinyihaji akacheka kuliko wote, hata machozi yakamtoka. Mzee Sudi peke yake hakucheka. Akakohoa.

"Mwenzangu," akasema polepole, "unadhani mimi nimesimama mlangoni kwa sababu gani?"

Basi ndoa ikafungwa wote wamesimama. Kulipokucha, wazee wawili wakaongozana, tagaa, tagaa, hadi kwa tabibu wa kijiji cha pili. Wakapasuliwa, wakapona. Wanaume waliokuwa wakijificha nao wakafuata, mmoja mmoja.

Mashauri ya Mwinyihaji yote yamesahauliwa. Anakumbukwa kwa siku ile aliyojicheka mbele za watu. Nanyi ugonjwa wa sehemu za siri mwambieni tabibu mapema, msingoje harusi.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mlioacha kucheka ghafla nimewaona.