Unga Chini ya Boriti

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa mawe hapa pwani aliishi mwashi aliyeitwa Shekue bin Mbwana. Jina la mji wasimulizi hawakubaliani. Wanachokubaliana ni kwamba ulikuwa na misikiti mingi, na ofisi nyingi zaidi ya misikiti.

Shekue alikuwa mcha Mungu. Hakushika mwiko wa kupakia chokaa kabla hajatawadha, na hakuvunja ukuta wa zamani bila kulihifadhi kila jiwe lake, kwani kwake yeye si uungwana kwenda kuchimba jiwe jingine baharini hali lile la kwanza bado zima. Waashi wenzake walimfanya mkuu wao. Na ada ya waashi wa mji huo ilikuwa kwamba miti ya boriti hukatwa mikokoni wakati wa giza la mwezi, kisha huzikwa siku arubaini katika matope ya hori la bahari ili utomvu uishe. Mti uliokatwa mwezi mpevu na usiozikwa, walisema, una utamu ndani yake, na mdudu anajua.

Ikatokea msikiti wa Ijumaa ukahitaji paa jipya la boriti arubaini. Thelathini na moja zilikuwa tayari zimekaa matopeni siku zake, zikapungua tisa. Hapo ikaja barua ya Liwali kwamba atasali chini ya paa jipya Ijumaa ya kwanza ya Shaabani, na nyuma yake barua ya Mkaguzi wa Majengo, ikieleza kwamba barua ya kwanza imetumwa. Shekue akahesabu siku, akaziona hazitoshi. Akapokea boriti tisa zilizokatwa juzi yake, magome mabichi, mwezi ukiwa mpevu kama sinia. Alijiambia kwamba tisa katika arubaini si kitu. Zikafunikwa kwa mawe na chokaa, wanawake wa mji wakapanda juu na magongo yao, wakalipiga paa kwa nyimbo siku tatu mpaka likawa gumu kama mwamba, na siri ikabaki baina ya Shekue na Mola wake.

Mkaguzi, Bwana Sefu Mbarawa, alikuja na daftari. Alisimama katikati ya msikiti, akainua uso, akahesabu arubaini, akaandika arubaini, akapiga mhuri. Daftari lilikuwa na safu ya idadi. Safu ya mwezi haikuwemo. Liwali akasali, akasifu, akaondoka.

Ikapita miaka miwili. Asubuhi moja Shekue aliingia msikitini mapema, akaona juu ya mkeka, karibu na nguzo ya tatu, unga mwembamba wa manjano, kiasi cha kujaza kifuniko cha kikombe. Hakuhitaji kuinua macho ajue kwamba mdudu yuko kazini. Alichukua ufagio, akaufagia, akautupa nje nyuma ya kisima. Kesho yake unga ulikuwepo tena, na kesho kutwa ulikuwepo sehemu tatu.

Basi akawa anawahi kila alfajiri, kabla hajafika mtu, akifagia. Watu wakamwona. Wakasema, tazameni unyenyekevu huu, mkuu wa waashi anafagia nyumba ya Mungu kwa mkono wake. Imamu akamtaja katika hotuba. Bwana Sefu akatuma mtu kuuliza kama ufagio ni wa msikiti au wa Shekue mwenyewe, kwa sababu alikuwa anaandaa hati ya shukrani na palikuwa na nafasi ya kujazwa.

Sifa hizo zilimla Shekue kuliko mdudu alivyozila boriti. Katika sala alipotewa na hesabu ya rakaa, maana sikio lake lilikuwa juu. Akahamisha mkeka wake, akawa anasali chini kabisa ya zile boriti tisa, kana kwamba paa likimwona yeye litaona haya kuanguka. Kila Ijumaa, watu walipoinuka kutoka sijda kwa kishindo kimoja, aliuma meno akasubiri. Halikuanguka. Na kila lisipoanguka, alipata sababu ya kungoja Ijumaa nyingine.

Lakini hapo nguzo ya tatu alikuwa na makao yake muadhini, Maalim Bwanadi, mzee asiyeona, ambaye kutwa nzima aliegemea nguzo hiyo akidurusu Kurani. Siku moja baada ya alasiri alimwita.

"Fundi, huku juu yangu kuna kitu kinatafuna. Unakisikia?"

Shekue alikuwa anakisikia kwa miezi mitatu. Akasema, "Ni mti unajikalia sawa, Maalim. Mti mpya una mazungumzo yake."

Mzee akaupapasa mkono wa Shekue, akaushika. "Alhamdulillahi. Basi niwie radhi, mwanangu. Mimi nilikwisha kukudhania vibaya. Nilisema moyoni, Shekue ametuwekea mti mbovu. Nilikudhulumu. Nisamehe, nisije nikaenda nalo kaburini."

Shekue alifungua mdomo, na neno lililotoka lilikuwa, "Nimekusamehe." Wasimulizi wanasema katika maisha yake yote hakuwahi kutamka neno zito kama hilo.

Siku ya pili, Alhamisi, alikwenda ofisini kwa Mkaguzi, akaeleza yote: boriti tisa, mwezi, unga, na kwamba kesho ni Ijumaa ya kwanza ya Shaabani, Liwali anakuja kama kila mwaka na watu watajaa mpaka ukumbini. Bwana Sefu alisikiliza kwa adabu, akafungua daftari, akamwonesha mhuri.

"Paa hili limepita," alisema. "Kulipinga kunataka malalamiko ya mtu aliyedhurika nalo. Yuko aliyeangukiwa?"

"Bado, bwana."

"Basi tusiharakishe mambo. Akipatikana, na aje na maandishi."

Shekue akatoka, na, Mungu amsamehe, moyo wake ulipata nafuu. Amekwisha sema, ofisi imekataa, amebakiwa na nini tena? Alikuwa amefika nusu ya uchochoro aliposikia adhana ya magharibi kwa sauti ya Maalim Bwanadi, sauti ya mtu aliyekuwa na amani na kila mja, kwa kuwa amekwisha samehewa. Ile nafuu ikamtoka mara moja.

Ijumaa hakufagia. Watu walipofika kwa sala walimkuta amesimama mlangoni, amenyoosha mikono baina ya miimo ya mlango, na miguuni pake pana ungo uliojaa unga.

"Msiingie," alisema. "Huu ni unga wa boriti zangu. Tisa nilizipokea mbichi, mwezi mpevu, nikijua. Na nilikuwa nafagia ili msione."

Imamu, aliyemsifu katika hotuba, akawa anatazama viatu vyake. Bwana Sefu akapenya mbele na daftari, akamhakikishia Liwali kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu rasmi paa ni zima. Liwali akalitazama daftari, akautazama ungo, akasema kwa upole, "Vyema. Bwana Mkaguzi, tangulia wewe, ukasali rakaa mbili nguzo ya tatu, sisi tutakufuata." Hapo Bwana Sefu akakumbuka kwamba udhu wake umetenguka.

Wakasali uani, juani, kila mmoja juu ya kilemba chake alichokitandika. Baada ya sala Shekue alimwendea Maalim Bwanadi, akapiga magoti. "Nilikudanganya, Maalim. Kisha nikakusamehe."

Mzee akageuza uso kuelekea sauti yake. "La kudanganya nimekusamehe," akasema. "Hilo la pili limenikaa. Nipe siku kidogo."

Paa likafunguliwa. Boriti ya nguzo ya tatu ilivunjika mikononi mwa watu wawili kabla hawajaishusha. Ndani palikuwa na unga mtupu. Shekue akavuliwa ukuu wa waashi, wala hakurudishiwa. Alipanda mikoko tisa horini kwa miti aliyoiua bure. Thelathini na moja nzima zikarudi mahali pake, chokaa ya zamani ikapondwa kuwa kokoto ya paa jipya, na tisa nyingine zikangojwa: kwanza giza la mwezi, kisha siku arubaini. Ramadhani yote watu walisali uani chini ya makuti, na hakuna aliyewahimiza waashi. Usiku wa mwezi wa Idi, Maalim Bwanadi alimtumia Shekue tende saba, naye akaelewa kwamba na lile la pili limesamehewa.

Shekue alirudi kufagia msikiti mpaka alipofariki. Ila alichokifagia hakukitupa nyuma ya kisima. Alikikusanya kizingitini, mahali pa wazi, kikakaa hapo mpaka wote waliosali wamepita wakakitazama, ndipo akakizoa.

Ndugu zangu, ufagio ulikuwa ule ule, na mkono ule ule. Mwenyezi Mungu atujaalie tujue, kila tunaposifiwa, tunafagia nini.