Gauni Lililoshonewa Mwilini

Wapendwa, leo nawapeleka mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kualikwa. Nawapeleka kwenye zulia jekundu, kule wanakotoa tuzo za filamu. Naona vijana wameinua vichwa. Nanyi kwaya, na sare zenu mpya, naona mmekaa sawasawa. Vizuri. Ila mwigizaji nitakayemsema nimemtunga mwenyewe jana nikipiga pasi shati hili, kwa hiyo msianze kupekua simu kumtafuta.

Basi, alikuwepo mwigizaji mmoja, dada wa watu. Miaka tisa aliigiza majirani wambea na wauguzi wa kusukuma kitanda, zile nafasi ambazo ukiinama kuokota rimoti umemkosa. Mwaka huo akapewa nafasi kubwa, akaitendea haki, na jina lake likatajwa kati ya wanne wanaowania tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Mwaliko ukafika. Mnajua mtu akipata mwaliko wa namna hiyo, swali la kwanza si nitasema nini. Ni nitavaa nini. Wanaume msicheke, nimewaona asubuhi hii mkijitazama kwenye vioo vya magari hapo nje.

Akaenda kwa fundi wake. Fundi mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mwenye cherehani ya miguu kwenye kibaraza cha duka la dawa. Ndiye aliyemshonea sare ya shule ya msingi. Ndiye aliyemshonea nguo ya msiba siku walipomzika mama yake. Akampima kwa futi yake, akaandika kwenye daftari, akashona gauni la rangi ya dhahabu lenye mkia wa hatua tatu. Mimi mambo ya nguo siyajui, lakini gauni lile lilikuwa zuri, jamani.

Siku tatu kabla ya sherehe mwigizaji akarudi, na picha kwenye simu.

"Mama, nataka kiuno kiwe kama cha huyu. Punguza vidole viwili kila upande."

Fundi akaitazama picha, kisha akamtazama yeye. "Mwanangu, futi haina upendeleo. Nikipunguza hapa hutapumua."

"Nitapumua kesho yake," akasema mwigizaji. "Siku hiyo nataka nionekane."

Nitapumua kesho yake! Ni wangapi humu ndani tumesema hivyo? Umejibana kwenye maisha ambayo si kipimo chako, kifua kinabana, unajiambia nitapumua nikishahamia mtaa ule, nitapumua watu wakishaniheshimu. Na hiyo kesho yake imefika lini?

Fundi akapunguza, maana mteja ni mteja. Siku ya sherehe, saa kumi na moja jioni, gari liko nje linapiga honi, wakavuta zipu, na zipu ikaachia. Zipu nyingine hakuna, muda hakuna. Fundi akafanya kile ambacho mafundi hufanya mambo yakiharibika: akatunga uzi kwenye sindano ya mkono, akamshonea gauni mwilini, kutoka kwapani mpaka nyongani.

"Sasa hili halivuliki bila mimi," akamwambia. "Nitakaa karibu nawe."

Wakapanda gari pamoja. Lakini walipokaribia geti, mwigizaji akawaona wenzake wanashuka, kila mmoja na kundi lake la kumpamba, vijana wenye miwani myeusi na masanduku ya vipodozi. Akamgeukia fundi wake. Kandambili. Mfuko wa plastiki wenye mkasi na nyuzi.

"Mama," akasema, "wewe ungeshukia hapa tu. Ndani wapo wasaidizi."

Wasaidizi hawakuwepo. Fundi akashuka bila kuuliza, akasimama na watu wa nje waliokuwa wakitazama sherehe kwenye skrini kubwa.

Mwigizaji akakanyaga zulia. Kamera zikamwandama. Mtangazaji akamsogezea maiki: "Jamani, umependeza! Hili gauni kashona nani?"

Swali dogo, wapendwa. Jibu lake lilikuwa jina moja la mama mmoja.

Akatabasamu, akasema, "Ah, hili limetoka Italia."

Jogoo hakuwika, maana majogoo wa mjini wote wako kwenye friji. Lakini kule nje, kwenye skrini kubwa, fundi alisikia.

Wakaingia ukumbini, wakaketi. Na gauni la kusimamia, akina mama mnajua, si lazima liwe gauni la kukalia. Mgeni rasmi akashika maiki. Nanyi mnajua mgeni rasmi akishika maiki. Dakika ya kumi mwigizaji akaanza kuhema juujuu. Dakika ya ishirini, jasho jembamba likamtoka na taa zikaanza kumchezea machoni. Mwigizaji mwenzake aliyeketi kando yake akaona hali imebadilika, akamshika mkono, wakakimbilia chooni.

Mwenzake akajaribu kwa kucha, akashindwa. Akajaribu kwa ufunguo wa gari, nusura achane kitambaa, na kitambaa kile kikichanika, wapendwa, ndani hakukuwa na kitu cha kuwaonyesha watu.

"Huu uzi hata sioni umeanzia wapi," akasema. "Mpigie aliyekushonea."

Mwigizaji akaishika simu, akaifunika kiganjani.

"Mpigie bwana! Au kweli yuko Italia?"

Alikuwa mita mia mbili kutoka pale. Lakini nisikilizeni vizuri. Zile mita mia mbili zilikuwa ndefu kuliko safari ya kwenda Ulaya na kurudi. Ili amwite mama yule, ilimbidi kwanza akiri mbele ya mwenzake kwamba amedanganya. Halafu amwambie njoo mtu ambaye dakika chache zilizopita alimkana mbele ya nchi nzima. Midomo imeanza kubadilika rangi, na bado anapima aibu! Msimcheke. Aibu inaweza kummaliza mtu ambaye gauni lenyewe limeshindwa kummaliza.

"Yuko getini," akasema mwishowe. "Kuna mama mmoja tu pale… Hapana. Ni fundi wangu. Amenishonea tangu nikiwa mtoto. Yuko getini."

Simu iliita mara moja tu, ikapokelewa.

Fundi akaingia anahema, kandambili kazishika mkononi ili akimbie vizuri. Mfuko hana. "Mkasi wamenizuilia mlangoni," akasema. Walinzi walikuwa wamekataa.

Mwigizaji akataka kulia, na kulia hakuwezekani, maana kilio nacho kinataka pumzi. Akasema kwa kukatakata, "Mama… ulisikia… nilichosema?"

"Nilisikia," akasema fundi. "Geuka."

Basi. Akapitisha kidole chini ya kwapa, akakuta fundo palepale alipoliacha, akainama, akalikata kwa meno, kama mafundi wanavyokata uzi siku zote. Akashika ncha, akavuta. Uzi wote ukatoka, kwapani mpaka nyongani, na kitambaa hakikuchanika hata mahali pamoja. Kumbe hakuwa amemshona moja kwa moja. Alimpigia bandi, ule mshono mrefu wa kushikiza ambao fundi huupiga akijua kwamba utafumuliwa. Yaani wakati mwigizaji anajitazama kwenye kioo na kujisifu, mama yule nyuma yake alikuwa ameshapanga namna ya kumtoa.

Na pumzi aliyovuta yule dada! Hebu vuteni na ninyi. Vuteni, msione haya. Naam, hiyo. Pumzi ya mtu aliyekuwa anakufa mahali pazuri. Akaegemea ukuta wa choo akacheka na kulia kwa pamoja, na mwenzake naye akaanza kulia bila kujua analia nini.

"Kwa nini hukwenda nyumbani?" akamuuliza fundi.

"Ningelalaje, na wewe umo ndani ya uzi wangu?"

Sindano walinzi hawakuiona, ilikuwa imechomekwa kifuani kwenye blauzi. Akamshikiza upya, kwa ulegevu safari hii, na pale ubavuni palipobaki wazi akamfunika kwa mtandio wake mwenyewe.

Najua mnataka kuniuliza kama alishinda. Hakushinda! Tuzo ilikwenda kwa mwingine. Na watu walishangaa jinsi alivyompigia mwenzake makofi, kwa nguvu, kwa raha, mpaka akasimama. Alikuwa na pumzi ya kupigia.

Sasa sisi. Msitoke hapa mkasema mchungaji amehubiri juu ya magauni. Vaeni mpendeze, mke wangu naye analo lake la dhahabu. Wala sikuja kuwaambia kwamba kujivuna ni kubaya, hilo mlilijua tangu shule ya Jumapili. Nimekuja na jambo moja. Yule dada hakukosa mtu wa kumfungua. Alikosa ujasiri wa kumwita. Na sisi tuko hivyo. Tuliambiwa twende na kipimo chetu, tukasema punguza. Tuliulizwa mbele za watu nani ametufikisha hapa, tukataja akili zetu, tukataja bidii zetu, tukataja Italia. Leo tumebanwa, tunajua kabisa nani wa kumwita, na tunanyamaza kwa sababu ya ile sentensi moja tuliyoitamka. Tunadhani Mungu akija ataanza na hiyo sentensi. Tunadhani atasimama mlangoni na kusema, kwanza rudia ulivyosema. Nani amewaambia kwamba Mungu yuko hivyo?

Mimi niliwahi kudhani hivyo juu ya baba yangu mzazi. Baba alikuwa akizibua mitaro ya maji machafu, na ada yangu ya chuo cha uchungaji ilitoka humo mitaroni. Wenzangu waliponiuliza baba yako anafanya kazi gani, nilisema ni mhandisi wa maji. Siku hiyo alikuwa amekuja kunitembelea, na alikuwa amesimama nyuma yangu na kifurushi cha karanga. Alikiacha kwenye benchi akaondoka. Miaka sita sikwenda nyumbani. Nilihubiri kwenye makanisa ya watu, nikasifiwa, na usiku kifua kilikuwa kikibana.

Nilipokwenda nilikuwa nimekariri maneno ya toba, mazuri, yenye vipengele vitatu. Nikagonga mlango. Akafungua, akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Umekonda. Umekula?"

Nikaingia. Nikanawa mikono. Toba yangu, wapendwa, niliisema nikiwa nimeshiba.

Kwa hiyo ibada ikiisha leo, asiwepo mtu wa kupanga mstari kunipa mkono mlangoni. Wako humu watu wenye mtu wa kumpigia simu. Wapisheni watoke kwanza.