Ng'ombe Asiye na Imani

Kwenye mkutano wa injili, Nabii Gamalieli alimwombea Mhoja kiwete, akamtangaza mzima. Mhoja alipoachia magongo akaanguka, akaambiwa hana imani. Hata hivyo, kesho yake nabii alifika kwake na waumini kudai ng'ombe wa maziwa, sadaka ya shukrani.

"Mchukue, Baba Nabii," alisema Nyamizi, mke wa Mhoja. "Yuko zizini, amelala kwenye majani, hasimami tangu alfajiri. Lakini wewe viwete unawasimamisha kwa neno moja."

Waumini wakaitikia amina. Nabii akakemea pepo, akammwagia ng'ombe chupa nzima ya mafuta ya upako, akamvuta pembe mpaka suti ikachanika kwapani. Ng'ombe akaendelea kucheua.

"Huyu hana imani," nabii alisema akihema.

"Ndivyo ulivyomwambia na mume wangu."

Muumini mmoja akacheka, wengine wakafuata. Nabii akaaga kwamba anawahi maombi.

Walipotokomea, Nyamizi alifukua majani, akafungua kamba aliyomfungia ng'ombe miguu. Ng'ombe akainuka.

"Umemponya," alisema Mhoja.

"Tena bila mafuta."