Makungu Aota Mkia

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mna mihogo mdomoni? Paukwa!

Pakawa!

Ehee, sasa nasikia watu. Hapo zamani za kale palikuwa na jabali. Jabali kubwa, jeusi, lina nyufa kila upande. Humo nyufani waliishi pimbi. Pimbi mnamjua? Mnene, ana manyoya, ana masikio madogo, na nyuma hana kitu! Panya ana mkia. Nguchiro ana mkia. Hata mjusi, na udogo wake, ana mkia. Pimbi hana.

Kila asubuhi pimbi walitoka kuota jua. Na kila asubuhi mmoja wao alishika zamu kileleni, kumtazamia Tai. Akimwona tu, analia, "Kwiii!" Wenzake wanatumbukia nyufani, pu! pu! pu! Asiyewahi ndiye kitoweo.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Makungu. Makungu alikuwa na mke, jina lake Kidawa, na binti mmoja, Tunu, ndiyo kwanza anajifunza kula majani. Kabla ya Tunu walizaliwa wawili, na wote wawili Tai aliwachukua. Kidawa akaapa huyu hatachukuliwa. Akamficha ndani, hata juani hakumtoa.

"Baba Tunu," akasema, "leo ni wewe kule juu. Nikuamini?"

"Niamini, mama Tunu. Macho ninayo."

Macho alikuwa nayo kweli. Aliyekosekana ni mwenyewe. Alikaa kileleni, akaangalia mbinguni kidogo, mara nguchiro akapita chini, mkia juu. Basi! Mwili wa Makungu ukabaki pale, mawazo yakaenda kuleee! Akajiona ana mkia. Mrefu, una kishungi. Akaupunga, swii! swii! Nzi wakakimbia. Akajiona anapita nao njiani, wenzake wanampisha. Wengine huita njozi. Wengine husema mtu anajenga ghorofa hewani. Bibi yangu yeye alikuwa akisema, "Huyo hayupo, msimpakulie."

Mjusi akaja, tapu tapu tapu. Mjusi jirani yao, mdomo wake haukujua kufuli.

"Makungu, hujambo?"

Makungu macho yako mbali, kwa nguchiro.

"Wee Makungu! Unafanya nini?"

"Naota."

"Unaota jua?"

"Naota mkia."

Macho yakamtoka Mjusi. "Unaota nini?"

"Mkia. Mrefu."

Sasa sikilizeni, nyie watoto, na nyie wakubwa mnaojifanya hamsikilizi. Mtoto huota meno. Mbegu huota. Mwenye baridi huota moto. Aliyelala huota ndoto, na asiyelala pia huota, macho wazi, mchana kweupe. Neno ni hilohilo. Mjusi angeuliza tu, "Mkia wa ndoto au wa nyama?" Hakuuliza. Angemwambia ainuke basi! Maana Makungu ushahidi wote alikuwa ameukalia.

Mjusi huyooo, mbio. Ufa wa kwanza: "Jamani, Makungu anaota mkia!" Ufa wa pili: "Makungu ameota mkia!" Ufa wa tatu: "Makungu ana mkia, anauburura chini!"

"Mama yangu!"

"Pimbi?"

"Pimbi!"

"Toba! Haijapata kuonekana!"

Wakatoka. Wazee, vijana, wagonjwa, hata aliyekuwa na mguu mbovu akatoka. Kidawa alikuwa anatafuna, jani likamdondoka. "Mume wangu mimi? Mkia?" Akakimbia, akasahau kiapo, akasahau kila kitu. Tunu akamfuata nyuma. "Mama, nami nikauone mkia wa baba!"

Kileleni pakajaa. "Geuka, Makungu! Geuka tuuone!"

Makungu akashtuka. Jabali zima limemzunguka, wote wanadai mkia.

"Mkia upi?" akauliza.

"Wako! Wako wewe!"

Akaduwaa. Wangu? Basi umeota kweli, nami sina habari? Akageuka taratibu. Akaona kitu cheusi kwenye jiwe, kirefu, kinatikisika nyuma yake.

Salaale!

Wote wakainama kukitazama. Hakuna hata mmoja aliyetazama juu. Mwenye zamu, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kupiga kelele moja tu, akafungua mdomo akapiga kelele nyingine: "Mkiaaa!"

Kilikuwa kivuli cha bawa.

Vuuu! Kwap!

Vumbi. Pu! pu! pu! Wakatumbukia nyufani, mmoja juu ya mwingine. Kidawa akapapasa ubavuni kwake, kushoto, kulia. "Tunu? Tunu! Tunu wee!" Kasauti kadogo kakaitika kutoka juu angani. Kakaenda kakipungua, kisha kakawa hakasikiki tena.

Makungu alikuwa bado kileleni, mdomo wazi. Hapo ndipo sauti ikamtoka. "Kwiii! Kwiii! Kwiii!" Akalia hivyo na mbingu nyeupe, haina hata ndege mmoja.

Kidawa akapanda hadi alipo. Hakumtukana. Hakulia. Akamtazama tu, kisha akauliza:

"Makungu, huo mkia ungeufanyia nini?"

Makungu aliuwaza asubuhi nzima, na hilo hakuliwaza.

Mjusi naye, kila alipokutana na Kidawa, alishindwa kusema. Alitikisa kichwa tu, juu chini, juu chini, na mtamwona anatikisa mpaka leo. Na pimbi wakakata shauri: mwenye zamu asiongee kabisa. Aseme "Kwiii!" pekee, maana hilo halina maana mbili.

Haya, mafunzo ni haya. Kuwaza si dhambi, na mimi huwaza. Lakini ukikabidhiwa uhai wa watu, ndoto zako zisubiri zamu iishe. Na wewe uliyesikia neno, liulize maana yake kabla hujalipeleka kwa jirani.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya jabali. Atakayeisimulia kwao, aisimulie kama alivyoisikia.