Uhamisho wa Mtu Mmoja

Kaeni vizuri, maana kisa hiki kitawagombanisha.

Walikuwepo watumishi watatu wa idara moja, wasiowahi kuonana uso kwa uso. Nyamizi, wa kituo cha nyikani, alijua kuandika programu. Andulile, wa kituo cha mlimani, alikuwa na miguu isiyochoka. Mzee Kihwelo, wa kituo cha mpakani, hakuwahi kutupa karatasi. Kila mmoja aliishi peke yake na kompyuta iliyosikiliza mitetemo ya ardhi. Kila siku saa moja asubuhi waliulizana kwa simu, "Upo?" "Nipo." Kwa Nyamizi, siku nyingi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yote. Binti yake, aliyelelewa na bibi huko Tabora, alikuwa ameanza kumwita shangazi.

Kipimo cha mitetemo na kompyuta havikuelewana bila mkalimani, yaani moduli: kijiprogramu kinachokaa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta. Lakini makao makuu walipenda mifumo mipya, na kila mfumo mpya ulihamisha madirisha yake ya huduma, pale moduli inapoomba msaada, kama ofisi ya serikali: jana dirisha la tatu, leo la tisa, na tangazo limebandikwa upande wa ndani. Ijumaa moja wakabadilisha tena. Moduli ikagonga dirisha lililofungwa, na vipimo vyote vikawa viziwi. Mlima wa Andulile nao ulikuwa umeanza kunguruma.

Nyamizi aliiandika upya moduli kwa siku nne, akisaka kila dirisha lilikohamia. Akakuta mstari unaoiamuru isubiri nusu dakika bila sababu. Akaufuta kama uchafu.

Andulile aliijaribu. Kila ilipokwama kipimo kiliganda, naye akapanda kwa muda wa saa mbili hadi ukingo wa kreta, shimo la kileleni, kukizima na kukiwasha upya. Alipanda mara saba. "Dada," alisema akihema, "wewe unakosea umekaa. Mimi makosa yako nayapanda kwa magoti."

Mzee Kihwelo alifungua daftari lake la miaka kumi na tisa, alimoandika kila badiliko la moduli. "Mwanangu, ule mstari umeuua? Urudishe. Kipimo cha mlimani huchelewa kuamka kwenye baridi. Kama mimi."

Ukarudishwa. Kipimo kikausikia mlima ukitetemeka mfululizo. Kijiji cha chini kikahamishwa, na kesho yake tope lililoporomoka mlimani likafukia nyumba sitini zisizo na mtu.

Idara ikashukuru kwa fomu. Zawadi: uhamisho wa kwenda mjini kwa mtu mmoja kati ya watatu; Nyamizi, kama msimamizi wa moduli, ajaze jina la atakayehama.

"Kwa nini mmoja?" aliuliza.

"Kisanduku ni kimoja," walijibu wa makao makuu.

Akawapigia wenzake.

"Mke wangu kasema atanisubiri hadi Desemba," alisema Andulile. "Hakusema Desemba ya mwaka gani, ila nimemwelewa."

"Mimi sina wa kumfuata," alisema Mzee Kihwelo. "Lakini juzi mtangazaji wa redio alinisalimu, nikaitikia. Kisha nikangoja aniulize habari za nyumbani."

"Na wewe je, dada?" aliuliza Andulile.

Nyamizi alisema mtandao mbaya, akakata.

Fomu ilikuwa inafungwa saa tisa na nusu. Saa tisa na robo kisanduku kilikuwa bado kitupu. Mwandishi wa moduli bila mpandaji hana hakika. Mpandaji bila daftari angekuwa bado anapanda. Na daftari peke yake ni karatasi tu.

Basi wewe unayesikiliza, ungekuwa Nyamizi ungeandika jina la nani? Na je, ungethubutu kuandika lako?